Kamba ya Katani na Suruali ya Kapteni

Leo nimejidhalilisha mbele ya watu kumi na mmoja na kundi la ng'ombe waliokuja kunywa maji. Naandika mwenyewe kabla video haijawafikia. (Najua wengine imeshawafikia. Vikatuni vyenu vya kucheka nimeviona.)

Kwa mgeni humu: mimi ni Mwajuma, fundi cherehani, Chemchem, hapa hapa Tabora. Nashona sare za shule, magauni ya harusi, na nikipata mteja mvumilivu, suti. Lakini wengi wenu hamnijui kwa cherehani. Mnanijua kwa makosa. Yale ninayowaandikia kila nikimaliza kutazama tamthilia za manowari za zamani, zile za matanga na mizinga, zenye makapteni wa kofia za pembe. Mimi ndiye niliyewaonyesha bendera inayopepea kuelekea nyuma ya meli wakati matanga yamevimba kuelekea mbele, nikauliza huo ni upepo gani unaovuma pande mbili. Mimi ndiye niliyemgundua yule baharia aliyekufa kwa mzinga sehemu ya tatu, akazikwa baharini kwa heshima zote, halafu sehemu ya tano yupo nyuma ya kapteni anamenya viazi. Kuna mwingine niliyemwandikia aya nne nzima kwa sababu kifundo cha mkono wake kilikuwa na alama nyeupe ya saa.

Macho hayo si yangu. Ni ya mama.

Mama alikuwa mtu wa Bagamoyo. Baba aliteremka pwani kununua vitambaa vya duka lake, akarudi na vitambaa na mke. Mama alipanda treni akisema atarudi kuwasalimia kwao mwisho wa mwaka. Mwaka ukaisha nina miezi miwili tumboni. Uliofuata baba akaugua. Halafu wadogo zangu, halafu duka, halafu magoti yake mwenyewe. Ilipofika siku ambayo hakuna mtu wala kitu kilichomfunga hapa, alikuwa hawezi tena kupanda ngazi za behewa.

Basi nikawa namletea bahari kwenye flashi. Pale dukani wanapotuwekea muvi nilimwambia muuzaji sitaki mapenzi, sitaki ngumi, nataka kitu chochote chenye maji mengi. Akanijazia tamthilia za manowari. Kila siku baada ya swala ya alasiri namwekea mama kiti, namwashia. Cha kwanza aliniambia nizime sauti. Vita havikumhusu. Alitaka kuona maji tu.

Na alikuwa anayaona kwelikweli. Siku moja kwenye kioo kulikuwa na mwezi mpevu, mkubwa kama sinia, na chini yake ufuo mrefu, maji yamelala mbali huko. Mama akaguna.

"Waongo hawa," akasema. "Mwezi ukiwa hivyo ni bamvua. Usiku kama huu maji yanapanda mpaka mlangoni."

Akanywa kahawa yake. Kisha akasema tena, polepole, "Mpaka mlangoni kwetu."

Huu ni mwaka wa tatu tangu atutoke. Mimi nikaendelea kutazama. Nikiona kosa nilikuwa nageuza shingo nimwambie, nakuta kiti. Ndipo nikaanza kuwaandikia nyinyi. Mkacheka, mkaniita Bi Kapteni, mkauliza mtu wa Tabora nimeyajulia wapi haya yote. Nikajibu, "Sisi ni watu wa pwani." Sikusema uongo. Wala sikusema kweli.

Sasa kuna kijana wa makamo anaitwa Daudi, anauza vifaa vya simu Ipuli, na ana kikundi chake cha maigizo. Mwezi uliopita alikuja kibandani kwangu. Anatengeneza filamu ya kihistoria: mashua ya vita iliyobebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, vichwani na mabegani, ikapita hapa Tabora kwa njia ya misafara, ikaenda kuungwa ziwani na kupigana. Alitaka nimshonee nguo. Nilipomsikiliza nikaona kila kipande cha mashua ile kilitoka kule alikotoka mama, kikafuata karibu njia ileile, na hakikurudi. Nikamwambia nitashona kila kitu, mpaka tanga. Yeye akafurahi, akaniomba niwe pia mshauri wao wa mambo ya meli, maana makosa yangu huwa anayasoma.

Ningekataa hapo, leo nisingekuwa naandika haya.

Ziwa liko mbali, hivyo Daudi akaamua turekodi bwawa la Igombe. Leo asubuhi saa moja tukapanda Noah, tumebanana na makofia, mapanga ya mbao na bunduki za mabomba ya maji. Tulipofika tukampata mwenye mashua, Mzee Maganga, mvuvi wa perege. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuonyesha chombo chake. Mashaka, fundi seremala wa kikundi ambaye ndiye anaigiza kapteni, alikuwa ameshasimamisha mlingoti wa mti wa mkaratusi, na juu yake tanga langu la marekani nyeupe, kitambaa kilekile cha zama za misafara. Lilipendeza. Nilizunguka mashua mara mbili kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

Halafu nikaanza kazi ya ushauri.

Kwanza, kamba. Mashua ilikuwa imefungwa kwenye kisiki kwa kamba ya nailoni ya bluu. Nikamwambia Daudi, nailoni na historia wapi na wapi. Nilikuwa nimekuja na kamba ya katani kutoka nyumbani, imening'inia stoo tangu enzi za baba. Mzee Maganga akaipapasa kwa kidole gumba, akanitazama, akasema hiyo hata mbuzi hamfungii. Nikamweleza kwamba kamera itaipenda.

Pili, makasia. Nikasema manowari huendeshwa na upepo, haipigwi makasia kama mtumbwi. Yakatolewa, yakafichwa kichakani.

Tatu, yale majaketi ya kuelea ya rangi ya chungwa, mawili. Yakavuliwa, yakatundikwa kichakani. Na lile dumu la njano lililokatwa, la kutekea maji yanayoingia. Mzee Maganga akauliza, kwa upole kabisa, maji yakiingia yatatolewa na nini. Nikamjibu kwamba mashua haiendi popote, itakaa palepale imefungwa, kapteni atasimama tu aseme maneno yake. Daudi alikuwa anaandika kila neno langu kwenye daftari. (Daftari hilo ningelipata leo ningelichoma.)

Mashaka akavaa. Koti la bluu iliyokoza, vifungo vya shaba, nakshi ya dhahabu mabegani. Akapanda mashua, akaweka mguu mmoja mbele, mkono kiunoni, tanga jeupe nyuma yake na maji yote yale. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Laiti mama angeliona lile koti.

Jambo moja msilisahau: chini ya ukosi wa koti nilikuwa nimeshonea kile kimaiki kidogo kisicho na waya, ili kisionekane. Daudi aliunganisha sauti yake na spika kule ufukoni, wote wafuatilie maneno.

Akaomba ukimya. Mashaka akaanza, sauti yake nzito ikitoka kwenye spika, akiyahutubia maji ambayo hakuna hata mmoja wa baba zake aliyewahi kuyaona. Nywele zilinisimama. Halafu Daudi akainua macho kutoka kwenye simu anayorekodia, uso umemkunjamana, akaniita pembeni, lakini si pembeni sana.

"Bi Mwajuma, samahani. Zamani hizo zipu zilikuwepo?"

Nikatazama. Zipu. Mpya, ya chuma, jua la saa tatu limeigonga inametameta katikati ya kapteni wa mashua ya vita ya wakati wa misafara. Suruali ile niliishona Alhamisi, katikati ya mzigo wa sare za shule, na mkono ukafanya ulichozoea. Watu wote wakanigeukia. Ng'ombe nao.

Ningeweza kusema koti lishushwe lifunike. Lakini mimi ni mtu wa aya nne juu ya alama ya saa. Nikasema nipewe dakika kumi. Nikachukua vifungo vinne vya mfupa, sindano, uzi, mkasi. Nikamwomba Mashaka avue, akaninong'oneza kwamba ndani amevaa kaptura ya kuchezea mpira yenye matundu, na pale kulikuwa na mama wachungaji wa kanisani kwao. Hivyo ikabidi nimshonee akiwa ameivaa. Nikaingia kwenye mashua.

Ndiyo mara yangu ya kwanza maishani kukanyaga chombo cha majini. Kilicheza kidogo chini ya miguu. Nikapiga magoti haraka, nikaweka sindano mdomoni, nikaanza kufumua zipu. (Wanawake wenzangu, hapo ndipo video inapoanzia.)

Upepo ukaja. Upepo mdogo tu, wa kuanikia nguo. Lakini tanga lile nililishona vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Likajaa. Kamba ya katani ikakatika bila hata mlio.

Mimi sikujua. Nilikuwa kwenye kifungo cha pili. Nilichogundua ni kwamba sauti ya Daudi inayoniita inazidi kuwa ndogo. Nikainua kichwa. Ufuko ulikuwa unaondoka.

Mashaka akageuka kutafuta makasia, akayaona: yako kichakani. Majaketi nayo yalikuwa kichakani, yametundikwa vizuri kama nguo za dukani. Maji yalianza kupenya karibu na magoti yangu, kidogo kidogo, na cha kutekea hakuna, nikavua kofia ya kapteni kichwani mwake, ile niliyoishona siku mbili, nikatekea nayo mara tatu. Halafu mashua ikainama upande na mimi nikaacha kila kitu, nikaukumbatia mguu wa Mashaka kwa mikono yote miwili. Akaniambia nimwachie ashushe tanga. Sikumwachia. Akajaribu kuvuta mguu, mashua ikazidi kuyumba, nikakaza.

Ndipo akanisemesha taratibu, kama mtu anayemtuliza mgonjwa.

"Tulia, Bi Mwajuma. Wewe si mtu wa bahari?"

"Sijawahi kuiona," nikasema.

"Kuona nini?"

"Bahari. Sijawahi kuiona bahari, Mashaka. Wala ziwa. Mimi nimeishia Nzega. Aliyeiona ni mama. Nilimwambia tutakwenda wote, nikawa namwonyesha kwenye televisheni, na sikumpeleka."

Nikasema na mengine ambayo siyaandiki. Kisha mashua ikagonga kitu, nikafumba macho, nikaita mama. Mara tatu. Nina miaka arobaini na minane.

Yote hayo, kila neno, yakatoka kwenye spika.

Nilipofumbua macho nilimwona Mzee Maganga. Amevua ndala, amekunja suruali, anakuja kwetu ndani ya maji. Anatembea. Nikasubiri azame, hazami. Alipotufikia, maji yalikuwa magotini kwake. Tulikuwa tumekwama kwenye tope, hatua kama hamsini kutoka ufukoni. Akaishika mashua kwa ukingo, akasema, "Shuka, mama." Nikamuuliza kina ni kirefu kiasi gani. Aliyatazama magoti yake tu.

Nikashuka. Nikatembea mpaka nchi kavu na kitenge kimeloa, na nyuma yangu kapteni akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja na kofia inayotiririka kwa mwingine.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonimaliza. Mama mmoja alinifunika khanga mabegani kama nimefiwa. Daudi alizima spika, kazi imeshaisha. Watu wakawa wanatazama chini, kila mtu ana shughuli na kiatu chake.

Mzee Maganga alikuwa anafunga mashua kwa ile kamba ya bluu. Akasema, bila kumwelekea mtu, kwamba babu wa babu yake alikuwa mpagazi kwenye misafara hiyo, na wakubwa kwao walikuwa wakihadithia alivyobeba mzigo wa chombo kama hicho kutoka pwani mpaka ziwani, bega likatoka sugu ya maisha. Daudi akaona nafasi ya kubadilisha mazungumzo, akamuuliza babu huyo alibeba kipande gani.

"Makasia," akasema Mzee Maganga.

Hapo ndipo walipocheka. Mashaka alikaa chini kabisa kwenye nyasi. Yule mama wa khanga alinishikilia nisianguke, au alijishikilia yeye, sikuelewa. Na mimi nilicheka, mwishoni. Kidogo.

Tukarekodi upya. Makasia yakiwa ndani ya mashua, majaketi yakiwa chini ya makoti, vifungo viwili kati ya vinne, koti limefungwa mpaka chini. Mashaka alisema maneno yake vizuri kuliko mwanzo. Alipofika kwenye yale maneno ya maji ambayo hakuna mmoja wa baba zake aliyewahi kuyaona, alinitupia jicho, akasahau kilichofuata. Daudi amesema ataacha hivyohivyo.

Wakati wa kurudi nilikaa dirishani kwenye Noah, Mashaka pembeni yangu. Wengine walikuwa wanaimba. Nikamuuliza kama yeye bahari ameiona. Akasema ameiona mara moja, alipokwenda kumzika mjomba wake huko pwani. Msiba ulikuwa kwenye nyumba iliyo karibu kabisa na maji. Nikamuuliza ikoje.

"Nilikaa nimeipa mgongo," akasema. "Nilijua nitaitazama kesho yake, halafu basi likaondoka alfajiri."

Nikamuuliza basi kama ni kweli inanuka, maana mama alikuwa anasema bahari unaisikia puani kabla ya kuiona. Akasema ni kweli. Inanuka nini? Alifikiri kutoka hapo mpaka tulipoanza kuona nyumba za mjini.

"Kama nguo iliyokaukia ndani," akasema, "chumba hakina dirisha."

Akaniuliza kama amekosea. Nikamwambia hapana. Harufu hiyo naijua, natia pasi kila siku. Kumbe nimekuwa nayo karibu miaka yote hii na hakuna aliyeniambia.

Wengine mmeshaniuliza kule chini ya video kwa nini sikwenda, na treni ya kuteremka pwani inapita hapa hapa, honi yake naisikia nikiwa kwenye cherehani. Alipokuwa hai nilikuwa nasubiri magoti yake yapone. Alipofariki nikaona nikienda peke yangu nitakuwa kama nimemwacha stesheni. Hilo ndilo jibu, sina lingine. Jioni hii, tuliposhushwa, nilimwomba dereva anipitishe stesheni nikasome ubao wa siku za treni. Nimezisoma. Sijaamua kitu. Nimezisoma tu.

Sasa mniruhusu nimalizie. Daudi amepiga simu. Kwenye filamu kuna sehemu baharia anatumbukia majini wakati wa vita, na waigizaji wake wote wanapiga kelele za bandia. Ameomba atumie yangu, pale ninapomwita mama. Nilikataa. Akapiga tena. Nimekubali.

Kwa hiyo ikitoka, mtamwona mwanamume mwenye ndevu anaanguka kutoka kwenye mashua ya vita, na sauti inayomtoka ni ya mwanamke wa Chemchem. Ni kosa, na mtaliona, maana nimewafundisha mwenyewe. Nawaombeni hilo moja msiliandike.